Shimo Lisilofunikwa

Torati ya Musa ina sheria nyingi ambazo mkatekumeni huzisoma upesi upesi, akidhani ni mambo ya Waisraeli wa zamani tu. Mojawapo yapatikana katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21. Mtu akichimba shimo, au akilifunua shimo la zamani, kisha akaenda zake bila kulifunika, na ng'ombe au punda wa jirani akatumbukia humo akafa, basi mwenye shimo atalipa. Sheria haimwulizi kama alimchukia jirani yake. Haimwulizi kama alitaka mnyama afe. Yamwuliza neno moja tu: mbona hukulifunika?

Sheria nyingine ya namna hiyo imo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22. Yule anayejenga nyumba mpya ameamriwa kuweka ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Nyumba za nchi ile zilikuwa na dari bapa, na watu walipanda juu kupunga upepo, hata kulala. Nyumba za Katoto zina paa la nyasi au la mabati, wala hakuna apandaye juu yake ila fundi na paka. Kwa hiyo mtu aweza kusema: Sheria hii hainihusu. Naye akosa, kwa maana Mungu hakujali dari tu. Alijali mtu apitaye karibu na kazi ya mikono ya mwenziwe, asiyejua hatari iliyopo. Na ikiwa alijali ng'ombe na punda, je, si zaidi mtoto wa miaka miwili?

Mashimo yasiyofunikwa yako katika vijiji vya Kamina, na mengi yao hayakuchimbwa kwa jembe. Yamo ndani ya nyumba, chini ya kitanda, kwenye pembe ya jikoni, na nyuma ya ua penye jalala.

Mababu wa Waluba walitupa taka zao nyuma ya nyumba. Zilikuwa majivu, maganda ya muhogo, makapi ya mahindi, mifupa, na vigae vya vyungu vilivyovunjika. Vitu hivyo vilioza vikawa udongo mweusi, na juu yake maboga yaliota yenyewe bila kupandwa. Desturi hiyo haikuwa mbaya. Ilikuwa desturi ya watu wenye akili, waliojua kwamba kitu kilichotoka katika ardhi hurudi katika ardhi. Lakini taka zimebadilika, na desturi imebaki ileile. Siku hizi jalala la kijiji hupokea mawe ya redio na ya tochi, betri za taa za jua, nyembe, sindano, vidonge vilivyopitwa na wakati, karatasi za sumu ya panya, makopo ya dawa ya wadudu, na mabaki ya soda kali ya kutengenezea sabuni. Vitu hivyo haviozi kama ganda la muhogo. Vingine hukaa miaka mingi, navyo hutoa sumu yake kidogo kidogo kila mvua inyeshapo.

Na usikilizwe mfano mmoja. Haumtaji mtu ye yote wa Katoto wala wa kijiji kingine, lakini wauguzi wengi wataujua, maana wamewapokea watoto wa namna hiyo mikononi mwao.

Baba mmoja alikwenda sokoni Kamina, akanunua petroli ya taa. Hakuwa na bidoni, basi akaitia katika chupa ya soda. Aliporudi jioni alikuwa amechoka, akaiweka chupa chini, karibu na kitanda, akala bukari yake akalala. Asubuhi mtoto wake wa kiume akaiona. Mtoto yule aliijua chupa. Siku ya Noeli alinyweshwa kitu kitamu kutoka katika chupa kama hiyo, naye hakuwa amesahau. Akanywa funda moja, akapaliwa, akakohoa, akalia. Mama yake akaja mbio, na majirani wakakusanyika. Mmoja akasema, mpeni mafuta ya mawese. Mwingine akasema, mtieni kidole kooni atapike. Wakafanya yote mawili kwa moyo mwema. Usiku pumzi ya mtoto ikawa ya haraka kama ya mbuzi aliyefukuzwa. Siku ya pili akapata homa kali. Siku ya tatu akazikwa.

Ndipo neno likaanza kupita nyumba kwa nyumba: nani amemla mtoto? Palikuwa na mjane mzee aliyekaa jirani. Jumapili iliyotangulia alikuwa ameomba chumvi katika nyumba ile akanyimwa, akaondoka akinung'unika. Manung'uniko yale yakakumbukwa. Watu wakaenda kwa kilumbu, naye akasema aliyoyasema, akapokea kuku wake. Usiku ule paa la mjane likateketea, naye akaishika njia na mkeka wake kichwani, peke yake. Chupa ikabaki palepale chini, karibu na kitanda, nusu yake ingali imejaa.

Katekista akiulizwa ni amri gani zilizovunjwa katika habari hiyo, hana budi kuhesabu zaidi ya moja.

Amri ya kwanza ilivunjwa, kwa kuwa waliacha kumwuliza Mungu wakamwendea mwaguzi. Ya nane ilivunjwa, kwa kuwa walimshuhudia mjane uongo, wakamnyang'anya jina lake jema. Ya saba ilivunjwa katika paa lake na vyombo vyake. Na ile ya tano, ikatazayo kuua? Hapo yafaa kusema kwa uangalifu, kwa maana Kanisa halimwiti mtu mwuaji kwa haraka. Ili dhambi iwe ya mauti, yatakiwa mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue vema, naye akubali kwa hiari yake. Baba yule hakutaka mtoto wake afe, alimpenda. Pengine hakujua ubaya wa chupa ile. Mungu aonaye moyoni hatamdai ujuzi asiokuwa nao. Walakini aliyekwisha kusikia hayo, kisha akarudi nyumbani na kuiacha chupa chini kwa uvivu, hawezi tena kusema kwamba hakujua. Katika sala ya maungamo inayosaliwa Misani, mkristo hukiri makosa ya mawazo, ya maneno na ya matendo, pia na yale ya kutotimiza wajibu. Shimo lisilofunikwa ni la hesabu hiyo ya mwisho.

Wako wasemao: mtoto amekufa kwa kuwa siku zake zilitimia, Mungu ndiye aliyetaka. Maneno hayo yana sura ya imani, lakini Bwana Yesu aliyakataa yanayofanana nayo. Shetani alipomweka juu ya mnara wa hekalu akamwambia ajitupe, akidai kwamba malaika watamdaka, Yesu alimjibu kwamba haifai kumjaribu Mungu. Mtu aachaye sumu mahali pa mtoto, kisha amtegemee malaika mlinzi, amjaribu Mungu kwa namna ileile.

Sasa yapasa kueleza jambo lenyewe lilivyo, maana huruma bila maarifa haikumsaidia mtoto yule. Petroli inywewapo haiui kwa sababu ya tumbo hasa. Ni nyepesi, nayo huteleza ikaingia mapafuni, ikayaunguza. Mtoto akitapishwa, hupanda kooni mara ya pili, na nyingine yaingia mapafuni tena. Mafuta ya mawese na maziwa hayaiondoi petroli, na mara nyingi humfanya mtoto atapike. Basi aliyekunywa petroli au mafuta ya pikipiki asitapishwe wala asinyweshwe mafuta. Avuliwe nguo zilizolowa, ngozi yake ioshwe kwa maji na sabuni, apelekwe kwenye kituo cha afya saa ileile, na chupa ichukuliwe pamoja naye ili muuguzi ajue ni kitu gani. Hata soda kali ya sabuni ni hivyo hivyo. Huunguza koo ikishuka, huliunguza tena ikipanda. Kwa hiyo kinywa husukutuliwa kwa maji, na mtu hatapishwi.

Na kabla ya yote hayo, petroli isitiwe kamwe katika chupa ya kinywaji. Itiwe katika bidoni yake yenye kifuniko, iwekwe juu, mahali pasipofikiwa na mkono wa mtoto. Ni jambo dogo sana. Bwana Yesu alifundisha kwamba aliye mwaminifu katika dogo huwa mwaminifu katika kubwa pia.

Mawe ya redio yana hatari nyingine. Yakichoka watu huyatupa uani, na watoto huyaokota, huyapasua kwa jiwe, hujipaka unga mweusi uliomo usoni na mikononi wakicheza ngoma. Wengine huutumia unga huo kusiliba ubao wa shule. Unga ule si makaa ya kuni. Una madini ndani yake, na mawe mengine ya zamani yalitiwa hata zebaki. Tena yakitupwa motoni huweza kupasuka na kumrukia mtu machoni. Yale madogo sana, yaliyo bapa kama kitufe cha shati, yanayotiwa katika saa na katika vitu vya kuchezea watoto, ni mabaya kuliko yote. Mtoto akilimeza moja likakwama kooni, laweza kumtoboa kwa muda wa saa mbili tu. Hapo hakuna dawa ya nyumbani. Ni mbio kwenda hospitali.

Lakini betri kubwa, ile ya gari au ya taa za jua, yastahili kuogopwa kwa namna ya peke yake. Ndani yake mna maji makali yanayokula nguo na ngozi, na mna risasi nyingi. Kijana mwerevu huona risasi akafikiri fedha. Mvuvi wa Lualaba huifikiria nyavu zake, jinsi ya kuzizamisha. Basi wakaipasua betri, wakamwaga maji yale chini, wakayeyusha risasi katika sufuria uani, na moshi ukapita juu ya nyumba. Risasi hiyo haina harufu kali ya kumwonya mtu. Vumbi lake hukaa katika udongo, watoto watambaao hulilamba mikononi mwao, nalo huingia katika damu na ubongo. Mtoto hupumbaa, hushindwa kujifunza, hutetemeka, na pengine hufa kwa kifafa. Na jirani zake watasema nini? Watasema amelogwa.

Haya si maneno ya kutisha watu bure. Huko Senegali, katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer ulio karibu na mji wa Dakar, watu walichimba mchanga mahali palipopasuliwa betri za magari kwa miaka mingi, wakaupepeta wapate vipande vya risasi vya kuuza. Wengine waliubeba mchanga huo mpaka nyumbani kwao. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 wa mtaa ule walikufa. Hakuna aliyewachukia. Waliokuwa wakipepeta walikuwa mama wakitafuta chakula cha watoto walewale. Na katika nchi ya Kenya, kwenye kijiji cha Owino Uhuru huko Mombasa, kiwanda cha kuyeyushia betri kilifanya kazi kando ya nyumba za watu mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Mama mmoja aliyefanya kazi humo, jina lake Phyllis Omido, alimwona mtoto wake akiugua kwa sababu ya risasi, naye hakunyamaza. Mwezi wa Julai 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ile ilihukumu katika karne hii, lakini hukumu yake ni ileile ya Kutoka 21: mwenye shimo atalipa.

Basi betri kubwa isipasuliwe kijijini kwa sababu yo yote. Ikifa, irudishwe nzima kwa mwuzaji wa betri mjini Kamina, au kwa fundi azinunuaye, naye asimamishwe mbali na nyumba za watu.

Dawa za hospitali zilizobaki au zilizopitwa na wakati zisigawiwe jirani wala zisitupwe jalalani zikiwa na rangi zake nzuri, maana mtoto huzidhani peremende. Kituo cha afya kikizipokea, zirudishwe huko pamoja na sindano na nyembe. Kisipozipokea, vidonge vichanganywe na majivu na udongo uliolowa, vitiwe katika kopo lenye kifuniko, vifukiwe mbali na maji. Kopo la dawa ya wadudu lisuuzwe mara tatu, na maji ya kusuuzia yamwagwe shambani palepale dawa ilipopigwa; kisha kopo litobolewe, lisitumike tena. Wako wanaolipenda bidoni la namna hiyo kwa sababu lina mpini mzuri. Wakalichotea maji, wakaweka mafuta ya kupikia. Ni afadhali kunywa maji kwa kibuyu kilichopasuka. Chandarua kuukuu chenye dawa nacho kisitumike kuvulia samaki wala kisitupwe mtoni, kwa kuwa dawa yake huwaua samaki wadogo.

Na mahali pasipo na gari la kuchukua taka, vitu vya hatari vitengwe na taka za kuoza. Kila nyumba iweke kopo moja kavu, lenye kifuniko, lililo juu, kwa mawe ya redio na mengineyo. Kopo likijaa, litafutiwe mtu mjini awezaye kulipokea. Asipopatikana, na lifukiwe kwa udongo wa mfinyanzi katika shimo refu, umbali wa mita 50 au zaidi toka kisima au mto, upande wa chini wa mteremko, mahali ambapo maji hayapandi wakati wa mvua. Kisha shimo lifunikwe! Ingekuwa aibu kubwa kusoma habari hizi zote na kuacha shimo lenyewe wazi, mbuzi wa jirani akatumbukia.

Waisraeli walipokuwa safarini waliagizwa kuchukua kijiti cha kuchimbia, wafukie uchafu wao nje ya kambi, kwa kuwa Mungu alitembea katikati ya kambi yao. Mungu hakuona haya kusema habari za uchafu. Wala Baba Mtakatifu Fransisko hakuona haya, alipotoa barua yake Laudato si' tarehe 24 Mei 2015 na kulalamika kwamba dunia, nyumba ya watu wote, inageuzwa kuwa jalala. Jina la barua hiyo limetoka katika wimbo wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyeyaita maji dada yake. Wana wa Fransisko huyo ndio mapadre waliohubiri Injili katika nchi ya Kamina, kabla haijawa jimbo la askofu mwaka 1959.

Mkatekumeni ana sababu yake mwenyewe ya kuyaangalia maji. Usiku wa Pasaka padri atayabariki, atamwagia kichwani, naye atazaliwa mara ya pili. Maji yale hayashuki kutoka mbinguni ndani ya chombo cha fedha. Huchotwa Jumamosi mchana, kwa ndoo, katika kisima au mto uleule ambao kijiji chote hunywa.

Katika Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, imo habari ya nabii Elisha huko Gilgali wakati wa njaa. Mtu mmoja alikwenda porini kuchuma mboga, akaona maboga ya mwitu, akayakatia chunguni bila kuyajua. Wana wa manabii walipoonja walipiga kelele kwamba chunguni mna mauti. Hawakuuliza nani mwenye kijicho miongoni mwao. Hawakumkamata yule mtu wala hawakwenda kwa mwaguzi. Waliangalia ndani ya chungu, wakakitaja kitu chenyewe kilichokuwa kibaya, wakamwita mtu wa Mungu. Elisha akatia unga, wakala, wakapona. Laiti majirani wa mtoto yule wangaliangalia ndani ya chupa!

Limebaki jambo la mjane. Toba ya mkristo haikamiliki kwa machozi tu. Aliyemdhulumu mwenziwe hana budi kurudisha. Zakayo alirudisha mara nne. Ikiwa mtu ye yote ajiandaaye kwa ubatizo aliwahi kulipeleka mbele neno lile la nani amemla mtoto, au alisimama gizani akaangalia paa likiwaka asiseme kitu, basi asingoje siku ya maungamo yake ya kwanza. Na amtafute mzee huyo, amwombe msamaha mbele ya watu waliomsikia akimsingizia, amrudishe kwake. Nyasi za kuezekea hukatwa wakati wa kiangazi, na paa la nyumba ndogo ni kazi ya siku mbili tatu kwa vijana wanne.